Sketi ya Likizo ya Helju

Norrköping, 2 Februari 1969

Mama mpenzi,

Kama umesimama, kaa chini kwanza. Nimepata nafasi ya kuja likizo Estonia. Ndiyo, nyumbani. Kuna msafara wa watalii unaotoka Stockholm kupitia Helsinki, halafu meli hadi Tallinn, siku nne mwishoni mwa Juni, wakati wa tamasha la nyimbo. Nimejaza fomu kumi na moja. Katika moja waliuliza niliondoka lini na kwa chombo gani. Nikaandika: Septemba 1944, mashua ya mjomba. Nilidhani watanikatalia, lakini jana viza imekuja.

Hapa kazini, chumba cha kufulia cha hospitali, wenzangu wananiuliza nitafanya nini huko siku nne. Nikawaambia sijui, Mama atanipangia. Basi panga wewe. Nina miaka arobaini na minne na sijui likizo ya nyumbani inakuwaje.

Binti yako,
Helju

*

Kihnu, 1 Machi 1969

Helju mwanangu,

Barua yako imefika jana, bahasha imebandikwa mara mbili. Wewe unayefungua barua zetu kabla yetu, ninakusalimu, ila gundi yako ni mbaya, nunua nyingine.

Nilikuwa nimesimama, sikukaa. Nilikwenda zizini nikamwambia ng'ombe, maana nyumbani hapakuwa na mtu. Kisha nikapanda pikipiki nikaenda kwa rafiki yangu Mall, tukalia, halafu tukacheka, halafu akasema, "Roosi, mtoto atalala wapi, kitanda chako kile kinalia kama milango ya kanisa." Kwa hiyo kitanda nimeanza kukitengeneza.

Sikiliza mpango. Siku ya kwanza unafika gatini, nakupokea na pikipiki, unakaa kwenye kibehewa cha pembeni, na usiogope, naendesha vizuri, kuku niliyemgonga ni mmoja tu tangu nianze. Unakula samaki bapa wa moshi na mkate wa shayiri nyeusi, unalala. Siku ya pili sauna, tuoge mvuke. Matawi ya mbetula ya kujichapia humo nitakuwa nimeshayafunga. Siku ya tatu makaburini kwa bibi yako, kisha kuzunguka kwa watu wote, maana usipoingia nyumba moja nitasemwa hadi nife. Siku ya nne sijui, siku ya nne nitakutazama tu.

Siku nne ni chache, muombe mkubwa wako ziwe saba. Na hiyo meli ina maboya ya kutosha? Uliza kabla hujapanda, usione haya. Kaa juu sitahani, usikae chini.

Nakufumia sketi, na aproni yake nitaishona. Huwezi kushuka Kihnu na magoti wazi kama watu wa gazetini. Nimeshatia nyuzi kwenye kitanda cha kufumia, nyekundu tele, kwa sababu ni furaha. Usiniandikie kiuno chako kwa namba, namba za huko siziamini. Zungusha uzi kiunoni, ukate, unitumie huo uzi. Na msalimie mumeo, bwana Bertil.

Mama yako,
Roosi

*

Norrköping, 27 Machi 1969

Mama,

Nimeisoma barua yako mara nyingi mpaka imechanika kwenye mikunjo. Sasa sijui niseme vipi.

Siruhusiwi kuja Kihnu. Hakuna mgeni anayeruhusiwa kwenye visiwa, ni eneo la mpaka wa Usovieti. Nilimpigia wakala wa safari, akanisomea masharti yote: hoteli ni ya Tallinn, hatutoki nje ya mji, tunatembea na kiongozi, tunahesabiwa asubuhi na jioni. Siku ya kwanza makumbusho. Siku ya pili kiwanda cha peremende. Siku ya tatu na ya nne tamasha, kwenye viti tulivyopangiwa. Ndugu wanaweza kuja hotelini wakiandika majina yao mlangoni, lakini nimesikia wengi wanaambiwa chumba kimejaa.

Na wewe nawe unahitaji kibali kutoka kisiwani kuja Tallinn. Utakipata?

Uzi huu ndani ya bahasha ni kiuno changu. Usicheke, nimenenepa.

Mama, aproni usishone. Itakuwa joto.

Helju

*

Kihnu, 20 Aprili 1969

Helju mwanangu,

Uzi umefika. Hujanenepa, bibi yako alizungukwa na uzi mara mbili ya huu na akazikwa akiwa mzuri.

Kwanza nililia siku mbili. Siku ya tatu nikasema, vema. Kama Helju haruhusiwi kuja Kihnu, Kihnu itakwenda Tallinn. Mall anaongoza kikundi chetu cha waimbaji wanawake, na kikundi kimealikwa kwenye tamasha, wanawake kumi na sita. Mimi nilikuwa sijaimba tangu baba yako achukuliwe, lakini nikaenda kwa Mall nikamwambia, nitie kwenye orodha. Akasema imba kwanza. Nikaimba. Akasema, "Sauti imeota kutu lakini mlango unafunguka." Nikatiwa. Mwenye jina kwenye orodha anapewa kibali cha kutoka kisiwani.

Sasa sikia balaa. Orodha lazima isainiwe na mwenyekiti wa ushirika wetu wa wavuvi, ndugu Arnold Kuusk. Humjui, aliletwa kutoka bara, anaogopa hata mashua iliyofungwa. Akaja kwenye mazoezi, akatutazama miguu yote thelathini na miwili. Akanijia mimi.

"Mama Roosi, hii sketi yako mbona nyeusi?"

Nikamwambia, "Ndugu mwenyekiti, mimi nina msiba."

"Msiba wa nani?"

"Wa Jaan, mume wangu."

"Alikufa lini?"

"Ndilo swali ninalowauliza ninyi miaka ishirini."

Unakumbuka mila yetu, au Uswidi wamekusahaulisha? Mwanamke akifiwa huvaa sketi ya samawati nyeusi, na kadiri huzuni inavyopungua huongeza mstari mwekundu mmoja mmoja, mpaka siku moja anavaa nyekundu tena na kila mtu anajua bila kuuliza. Baba yako alichukuliwa na askari kupelekwa Siberia Machi 1949, nyumba yetu ilikuwa ya saba kugongewa asubuhi ile. Mtu aliyerudi kutoka kule aliniambia Jaan alikufa msimu wa theluji, akikata miti. Msimu upi hakujua. Karatasi sijapewa. Kwa hiyo sijaongeza mstari hata mmoja, na siongezi mpaka waseme wenyewe alikufa siku gani na wamemlaza wapi. Huwezi kuanza kupunguza kitu ambacho wenyewe wanasema hakipo.

Ndugu Arnold akasema jukwaani hakuna msiba, dunia nzima itatazama, wageni wana kamera, wanawake wa Kihnu wote watavaa nyekundu. "Usipotoka kisiwani na sketi nyekundu, mama, hutoki kabisa. Jina nalikata."

Nikamwambia kata. Nikatoka nje nikawasha pikipiki, na ikakataa kuwaka, nikaisukuma mpaka nyumbani wote wakinitazama.

Sasa sina usingizi. Unakula? Uzi ule haunidanganyi?

Mama

*

Norrköping, 8 Mei 1969

Mama,

Nakuomba vaa nyekundu.

Najua ninachokuomba. Lakini ni sketi, Mama. Baba angekuambia hivyohivyo, angesema vaa hata gunia, nenda ukamwone mtoto. Miaka ishirini na mitano sijakuona. Picha yako niliyo nayo una nywele nyeusi. Nikipita mtaani nikaona mwanamke mzee ana kitambaa kichwani huwa namfuata kidogo, kisha najiona mjinga nageuka.

Sitapata viza ya pili. Mwanamke mwenzangu alipata moja, alipoomba tena wakamwandikia kwamba hakuna haja. Utakuwa na miaka sitini na sita mwezi huo. Sisemi zaidi.

Kama ukikataa, nitakaa kwenye kiti changu nilichopangiwa, nitatazama sketi kumi na tano nyekundu zikipita, na nitamchukia ndugu Arnold, lakini na wewe pia, kidogo. Nisamehe, nimeandika na sifuti.

Helju

*

Kihnu, 28 Mei 1969

Helju mwanangu,

Nitavaa nyekundu.

Nimekwenda ofisini kwa ndugu Arnold nikamwambia. Nikamwambia, ndugu mwenyekiti, nitatoka kisiwani na sketi nyekundu, mpya, nimeifuma mwenyewe, nzuri kuliko zote. Akasimama akanipa mkono. Akanipa na chai. Akasema, "Unaona, Mama Roosi, maisha yanaendelea." Nikanywa chai yake, ilikuwa na sukari tele. Ametia saini.

Mall haniongeleshi. Jana tulipishana njiani, akaangalia baharini kana kwamba kuna meli. Wanawake wengine wanaongea nami kwa upole, na huo upole ndio unaochoma. Wacha wafanye.

Sasa usijali wao, sikiliza mimi, na ufanye kama ninavyosema kama ulipokuwa mdogo. Siku ya maandamano, yale ya kutoka katikati ya mji hadi uwanjani, mwambie kiongozi wenu unataka kupiga picha. Simama mahali barabara inapopita kando ya bustani ya Kadriorg, mkono wa kushoto, ukiwa mbele kabisa, usisimame nyuma ya warefu. Maandamano hayo hukwama kila mara, watu ni maelfu. Vaa blauzi nyeupe ya mikono mirefu. Chini vaa kitu chembamba, kisichotuna. Viatu vya kutembea, siyo vya kisigino. Usiulize kwa nini, mama anapanga likizo, wewe ulisema nipange.

Aproni sijashona. Nimeelewa. Kihnu aproni huvaliwa na mwenye mume, na wewe hujasahau hilo hata kama umesahau mengine. Sikuulizi leo. Ila ungeniambia mapema, nisingepoteza wino wangu kumsalimia bwana Bertil katika kila barua.

Ile meli umeuliza maboya?

Mama

*

Norrköping, 13 Juni 1969

Mama,

Nilidhani nitafurahi. Nilikaa na barua yako jikoni, nikajaribu kufurahi, ikashindikana. Miaka ishirini walikushindwa, nikaja mimi na barua moja nikakuvua. Mall ana haki ya kuangalia baharini. Kama bado unaweza kubadili nia, badili, nami nitakaa kwenye kiti changu na sitakuchukia hata kidogo. Nilidanganya niliposema vile.

Bertil aliondoka miaka sita iliyopita. Alikuwa anasalimiwa hewani. Niliogopa kukuambia kwa sababu ulikuwa huna jambo lingine zuri la kuwasimulia watu kutoka kwangu.

Nitasimama Kadriorg, mkono wa kushoto, mbele. Blauzi nyeupe. Barua hii sijui kama itakuwahi.

Mama, nikikuona huenda nisikujue. Nionyeshe kwa ishara.

Helju

*

Kihnu, 7 Julai 1969

Kwa ndugu Arnold Kuusk,
Mwenyekiti wa Ushirika

MAELEZO

Ndugu mwenyekiti, umeniagiza niandike maelezo kwa mkono wangu kuhusu yaliyotokea kwenye maandamano ya tamasha, na umenipa karatasi mbili. Shule nilisoma miaka mitatu, ya majira ya baridi tu, kwa hiyo makosa ya maandishi uyavumilie. Makosa mengine usiyatafute humu, sijafanya.

Unauliza kwa nini nilikudanganya. Sikukudanganya. Wewe ulisema nitoke kisiwani na sketi nyekundu. Nilitoka kisiwani na sketi nyekundu, ulikuwepo gatini, ulinipungia mkono. Ilikuwa inanibana, nilishusha pumzi tulipofika bara, Pärnu. Hukuniuliza chini yake nimevaa nini, na ungeniuliza ningekushangaa. Chini nilivaa sketi yangu. Sikuwa nimevaa nyekundu, ndugu mwenyekiti, nilikuwa nimeibeba. Sketi ile ni ya binti yangu Helju, nilipima kwa uzi wake. Kumpelekea mgeni furushi hotelini hairuhusiwi, niliuliza, wakasema hairuhusiwi. Kuvaa nguo inaruhusiwa.

Mall hakujua lolote mpaka tulipofika Kadriorg, hilo uliandike vizuri. Alikuwa haniongeleshi wiki nne. Nilikuwa mstari wa tatu, mwisho kushoto, mahali nilipopapigania kwa viwiko. Maandamano yakakwama mbele yetu. Nikatazama watu wa kando ya barabara. Nilikuwa namtafuta msichana, mjinga mimi, namtafuta msichana wa miaka kumi na tisa mwenye kitambaa cha buluu. Blauzi nyeupe zilikuwa mia. Nikazipitia moja moja. Kisha nikaona mwanamke mnene kidogo, ameshika kamera lakini hapigi picha, na masikio yake ni ya Jaan, yamesimama vilevile kama ya mtu anayesikiliza upepo.

Nikatoka kwenye mstari. Unasema ni utovu wa nidhamu. Hatua zilikuwa nne.

Akasema, "Mama?"

Nikamwambia, "Inua mikono."

Maana kamba ya sketi hufungwa hivyo. Miaka ishirini na mitano nilikuwa natunga neno la kwanza la kumwambia, nikiwa zizini, nikiwa baharini kwenye nyavu, nina maneno mazuri ya kujaza kitabu. Nikamwambia inua mikono. Akainua kama mtoto. Nikafungua kamba, nikaitoa sketi kwangu, nikaizungusha kwake, nikaifunga, ikamkaa kama ngozi. Nikabaki na yangu nyeusi. Akanitazama chini, akaiona, akaanza kucheka na kulia pamoja, akasema, "Hukuvaa." Nikamwambia, "Ulidhani mama yako ni nani? Shika mkono huo, wanaanza kutembea."

Maandamano yakasogea. Wanawake wakasogea kulia wakamwachia nafasi, na Mall akageuka nyuma akanitazama mimi, akamtazama Helju, akasema, "Roosi, wewe ni shetani mzee, na huyu mtoto aimbe sauti ya pili, ya kwanza ni kali." Hayo ndiyo yote aliyosema, kisha akaanzisha wimbo. Helju aliukumbuka. Mistari miwili alikosea, nikamfinya mkono.

Unasema idadi ya wanawake wa Kihnu ilikuwa kumi na saba badala ya kumi na sita, na kwamba upande wa watalii alikosekana mmoja, na kiongozi wao alikimbia barabarani akiita kwa Kiswidi. Ni kweli, nilimsikia. Alitupita mara mbili. Alikuwa anatafuta mtalii, na pale hapakuwa na mtalii.

Kutoka Kadriorg hadi lango la uwanja si mbali, lakini kwa jinsi tulivyokwama tulitembea saa nzima na nusu. Aliniambia mambo yake. Nami nilimwambia yangu. Hayo hayamo katika maelezo haya na usiyasubiri. Langoni wakatuhesabu, wakamtoa, akaenda akiwa amevaa sketi yake. Hawakumvua, kwa sababu kamera zilikuwa nyingi, wewe mwenyewe ulisema wageni wana kamera. Kesho yake nilikwenda hotelini kuandika jina langu mlangoni, wakasema chumba kimejaa. Nilirudi mara tatu, kilijaa mara tatu.

Basi likizo tuliyoipanga tangu Februari ilikuwa saa moja na nusu. Ninaiona ni ndefu. Wapo waliopangiwa siku nne wakapewa kiwanda cha peremende.

Umeniandikia mwenyewe kwa penseli, mwisho wa karatasi, sentensi ya kunakili: "Ninajutia kitendo changu na ninaahidi kutorudia." Nimeiacha kama ilivyo, kwa penseli yako, ili wakubwa wako waone ni mwandiko wa nani. Umesema utanitoa kwenye kikundi. Nitoe. Umesema sitapata kibali tena cha kutoka kisiwani. Sina pengine pa kwenda, niliyetaka kumwona nimemwona, na sasa yeye anajua njia.

Linabaki swali lako la mwisho, lile ulilolipigia mstari: ni nani aliyempa ruhusa raia wa nchi ya kigeni kuingia katika safu ya wanawake wa Kihnu.

Mimi. Nilimzaa hapahapa Kihnu, kijijini Linaküla, kwenye chumba cha nyuma, siku ya dhoruba, mkunga hakuwahi kufika. Kibali chake ni hicho. Jina langu liandike kamili, usilifupishe.

Roosi Vahkel